Jasho la Mwigizaji Lisinunuliwe kwa Kangomba

Tarehe 8 Agosti, 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, alifariki dunia Mzee Amri Athumani akiwa na umri wa miaka 70. Jina hilo lilikuwa la jamaa zake na majirani zake wa Tanga. Taifa zima lilimjua kwa jina jingine: Mzee Majuto, au King Majuto kama vijana walivyopenda kumwita. Viongozi wa Serikali walimlilia, magazeti yalijaa habari zake, na wananchi wa kila rika walimkumbuka kwa vicheko alivyowapa. Yote hayo yalikuwa mema, naye aliyastahili. Lakini kumlilia mtu ni deni jepesi kulilipa. Liko deni jingine, zito zaidi, ambalo Mzee huyu aliondoka duniani kabla halijalipwa, na ambalo waigizaji wengi walio hai wanaendelea kutudai.

Leo twataka kulizungumza deni hilo, na twataka kulizungumza hasa na wanachama na wafanyakazi, kwa kuwa wao ndio wanaojua jasho ni nini. Hoja yetu ni moja tu. Mwigizaji ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na kazi yake haifai kununuliwa kwa njia ambayo sisi wenyewe tulikwisha kuikataa katika mazao ya mashamba.

Kwanza tumtazame mtu mwenyewe na kazi yake. Mzee Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza mwaka 1958, angali mtoto mdogo, miaka mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Wakati huo hapakuwa na televisheni katika nchi hii, wala walikuwa wachache mno waliodhani kwamba kuchekesha watu kwaweza kuwa kazi ya kumlisha mtu pamoja na nyumba yake. Mchezo ulichezwa mbele ya watu waliosimama au kukaa chini, na malipo yake makubwa yalikuwa makofi. Yeye aliishika kazi hiyo kwa miaka sitini. Alitoka katika jukwaa akaingia katika kanda za video, kutoka katika kanda akaingia katika santuri, kisha katika televisheni, na mwishoni uso wake ukawa ndio unaotumiwa kuuza bidhaa katika matangazo ya biashara. Ni waigizaji wachache sana nchini waliovuka zama zote hizo bila ya kuachwa nyuma na hata mojawapo.

Wako waigizaji ambao kazi yao ni kuwa shujaa wa hadithi: kijana mwenye sura nzuri, mwenye gari, anayependwa na kila binti. Mzee Majuto hakuwa wa kundi hilo. Yeye alikuwa mtu wa pembeni ambaye hadithi haiwezi kwenda bila yake: baba mkali asiyetiiwa na wanawe, mzee mwenye tamaa anayeumbuka mbele za watu, baba mwenye nyumba, mume mwenye wivu, mjanja anayezidiwa ujanja. Watu hawa twaishi nao. Tunawakuta kilabuni, msikitini, kanisani, katika foleni ya zahanati na katika mkutano wa kijiji. Mwigizaji wa namna hii huwatazama kwa makini, huchukua mwendo wa huyu na sauti ya yule, kisha huturudishia sisi wenyewe, nasi hucheka kwa sababu tumejiona. Aliposhirikiana na kijana Hussein Mkieti, aliyejulikana kwa jina la Sharo Milionea, watazamaji waliona mambo mawili ya nchi yetu yakigongana: uzee unaoshika ya zamani na ujana unaojifanya tajiri. Kijana huyo naye alifariki mapema, kwa ajali ya gari mkoani Tanga, tarehe 26 Novemba, 2012.

Wengine huidharau kazi hii na kuiita mzaha. Twawaambia kwamba mzaha wa aina hiyo ni kazi ngumu. Kumliza mtu ni rahisi, maana kila mtu ana msiba wake. Kumchekesha mtu aliyechoka, aliyetoka kiwandani au shambani, ambaye mfukoni hana kitu na kichwani ana mawazo, hilo lahitaji ujuzi. Tena lahitaji afya, mazoezi, kumbukumbu na uvumilivu wa kurudia jambo moja mara nyingi mpaka litoke sawasawa. Mambo hayo ndiyo yanayoitwa kazi mahali pengine popote.

Sasa twende mpaka Nalasi. Nalasi iko wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, kusini kabisa, upande wa kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Tanga iko kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Baina ya mahali hapa pawili imelala nchi nzima. Hata hivyo mkulima wa korosho wa Nalasi, ambaye hajapata kuiona Tanga, alimjua Mzee Majuto kama anavyomjua jirani yake. Alimjua kwa njia gani? Televisheni yenyewe ilichelewa kufika. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, na televisheni ya Taifa ikaanza mwaka 2000. Kwa watu wa vijijini, kabla ya umeme na kabla ya madishi, kilichotangulia ni kibanda cha video: chumba kimoja chenye giza, mabenchi, jenereta inayovuma nje, na watu waliobanana bega kwa bega. Humo ndimo mkulima alimokutana na Mzee Majuto. Alilipa kiingilio chake, akacheka, akarudi nyumbani mwepesi.

Swali letu ni hili: kiingilio kile kilikwenda wapi? Mwenye kibanda alipata sehemu yake. Aliyeuza mafuta ya jenereta alipata. Aliyenakili kanda bila ya idhini na kuisambaza mikoani alipata, tena alipata sana. Mwenye kampuni ya kusambaza alipata. Mtu ambaye uso wake, sauti yake na akili yake ndivyo vilivyowatoa watu majumbani mwao, huyo alikuwa amekwisha kulipwa mara moja tu, siku ile ya kupiga picha, na baada ya hapo hapakuwa na senti iliyomrudia.

Wakulima wa Nalasi na wa kusini kote wanalo jina la biashara ya namna hii. Wanaiita kangomba. Mnunuzi wa kangomba humjia mkulima wakati wa dhiki, kabla ya msimu, wakati mtoto anadaiwa ada au nyumbani pana mgonjwa. Hanunui kwa mizani, hununua kwa kopo. Hatoi bei ya soko, hutoa bei ya shida ya mkulima. Korosho zikikomaa zinakuwa si za mkulima tena, hata kama mikorosho aliipalilia yeye na kupulizia dawa yeye. Mnunuzi huzipeleka sokoni kwa mizani ya haki na kupokea bei kamili. Sheria haikuvunjwa kwa nguvu wala panga halikutolewa. Mkulima alikubali mwenyewe, lakini alikubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Taifa halikukubali jambo hilo liendelee. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika korosho mwaka 2007. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama chake cha msingi, zinapimwa, anapewa karatasi inayoonyesha kilo zake, zinakwenda katika ghala kuu, zinauzwa kwa mnada. Mfumo huu umekuwa na kasoro zake, na wakulima hawakunyamaza malipo yalipochelewa au makato yalipokuwa mengi. Lakini msingi wake ni mwema: mali ibaki kuwa ya mwenye mali mpaka iuzwe kwa haki, na yuko mtu wa kuulizwa.

Mwigizaji wa televisheni ameuza kazi yake kwa kangomba kwa miaka mingi. Humjia mtu mwenye kamera wakati kodi ya nyumba imefika. Huwekewa mbele karatasi yenye kurasa nyingi, aghalabu kwa Kiingereza. Hupewa kiasi cha fedha taslimu na kalamu. Kwa saini hiyo moja amekwisha kuuza kazi ya leo, marudio ya kesho, haki ya kituo hiki na kile, na kila chombo kitakachobuniwa baadaye. Mchezo ukirudiwa mara mia, yeye hana neno. Tangazo likiendelea kuonyeshwa miaka na miaka, yeye hana neno. Uso ni wake, lakini si wake tena.

Hatuzungumzi mambo ya kukisia. Mwaka ule ule wa 2018, Mzee Majuto akiwa katika ugonjwa uliompeleka mpaka India kwa matibabu, suala la mikataba yake lilifika katika Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Waziri wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Mzee huyu ilikuwa miongoni mwa ile iliyotazamwa. Tulilisifu jambo hilo wakati ule na twalisifu leo. Lakini twauliza: kwa nini mkataba wa mtu usomwe na wanasheria akiwa amelala kitandani, badala ya kusomwa siku ile alipokuwa ameshika kalamu? Ghala linalojengwa baada ya korosho kwisha kuuzwa halimsaidii mkulima wa msimu huo.

Wala Mzee Majuto hakuwa peke yake. Said Ngamba, yule Mzee Small aliyetuchekesha kwa miaka mingi, mtu wa Kilwa, alifariki Muhimbili tarehe 7 Juni, 2014, baada ya kuugua kiharusi. Katika nchi jirani ya Kenya, Benson Wanjau aliigiza katika mchezo wa Vitimbi kwa zaidi ya miaka thelathini kwa jina la Mzee Ojwang'. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Mjaluo kwa ustadi hata watazamaji wengi wakaamini kuwa ndiyo lugha aliyonyonya. Alionekana kwa miaka mingi katika televisheni ya Taifa ya nchi yake. Hata hivyo macho yake yalipoharibika uzeeni, Wakenya ilibidi wachangishane fedha ili atibiwe. Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai, 2015. Kuchangiana ni utu, nasi hatuubezi. Lakini mfanyakazi wa miaka thelathini hapaswi kutegemea bakuli. Anapaswa kuwa na akiba yake na bima yake, aitie mkono kwa haki wala si kwa kuomba.

Katika nchi yetu jambo hili halikuwa hivi tangu mwanzo. Mwezi Desemba 1962, ilipoundwa Jamhuri, Taifa lilikuwa na Wizara yenye jukumu la utamaduni. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1974 kikaanzishwa kikundi cha Taifa cha maigizo. Vilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kazi ya kufundisha sanaa ilihamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981. Mashirika ya umma na majeshi nayo yalikuwa na vikundi vyao. Wako wachezaji na waigizaji waliokuwa katika orodha ya mishahara kama karani au fundi, wakajua mwisho wa mwezi ni lini na ugonjwa ukija waende wapi. Hatusemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Mishahara ilikuwa midogo, na mara nyingine msanii alilazimika kusema alilotumwa kuliko alilolifikiri. Mashirika mengi yalikwisha, na vikundi vyake vikaisha pamoja nayo. Lakini jambo moja lililojulikana wakati ule limesahauliwa sasa, nalo ni kwamba mchezaji ni mtu wa kazi na ana haki za mtu wa kazi.

Tunajua kwamba wako watakaotujibu. Wa kwanza watasema, mwigizaji alitia saini mwenyewe, nani alimlazimisha? Hao twawajibu kwa kangomba: mkulima naye alipokea fedha kwa mkono wake mwenyewe, na bado Taifa likasema hapana. Ridhaa ya mwenye njaa mbele ya mwenye shibe haijawahi kuwa mizani ya haki. Wa pili watasema, waigizaji wakipata fedha huzitapanya. Huenda wako wanaofanya hivyo, kama walivyo makarani, madereva na wafanyabiashara wanaofanya hivyo. Lakini hatujasikia mwajiri akinyima mshahara wa dereva kwa sababu dereva mwingine ni mlevi. Wa tatu, na hawa wana hoja, watasema kwamba mwenye kutengeneza mchezo naye huweka mtaji, hukodi vyombo, na mara nyingine hupata hasara. Ni kweli. Ndiyo maana hatudai apokonywe faida yake. Twadai faida ikiwapo, na ikaendelea kuwapo mwaka hata mwaka, basi aliyeitoa jasho asisahauliwe katika mgawo.

Nini kifanyike? Zana nyingi tunazo tayari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, nayo inatambua haki za mtunzi na za mwonyeshaji. COSOTA ipo kwa ajili ya kuzilinda. NSSF imefungua mlango kwa wanaojiajiri wajiwekee akiba kwa hiari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Huko duniani, mataifa yalikubaliana Beijing mwaka 2012 juu ya haki za waigizaji katika kazi za picha na sauti, na mkataba huo ukaanza kutumika mwaka 2020. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni geni au kwamba haliwezekani. Linalotukosa ni kuzishika zana hizo.

Twapendekeza mambo manne. La kwanza, kila mkataba wa mwigizaji uandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekipa Kiswahili nafasi yake katika mahakama zetu. Hakuna sababu mkataba wa mtu anayeigiza kwa Kiswahili uandikwe kwa lugha asiyoielewa. La pili, mkataba uwe na mwisho. Mtu auze kazi yake kwa muda unaotajwa na kwa matumizi yanayotajwa, na baada ya muda huo mnunuzi arudi mezani. La tatu, katika kila malipo itengwe sehemu ya akiba ya uzee na ya matibabu, ipelekwe moja kwa moja katika mfuko kabla fedha haijafika mkononi, kama inavyofanywa kwa wafanyakazi wengine. La nne, waigizaji wenyewe wawe na vyama vyenye nguvu. Mkulima mmoja hawezi kupambana na mnunuzi, chama cha msingi chaweza. Vivyo hivyo mwigizaji mmoja akikataa mkataba mbaya, ataitwa mwingine badala yake. Wakikataa wote, mkataba utaandikwa upya.

Sisi watazamaji nasi tuna sehemu yetu. Anayenunua nakala ya wizi, au anayejaza filamu katika flashi kwa shilingi chache, anamsaidia mnunuzi wa kangomba. Mwenye kibanda cha video, awe Nalasi au Dar es Salaam, ajue kwamba chombo chake kinaendeshwa na jasho la mtu, na kwamba leseni si adhabu. Wafanyakazi, ambao katika viwanda na ofisi wamejifunza maana ya mkataba, wawafunze ndugu zao waigizaji yale waliyoyajua kwa miaka mingi ya kupigania haki zao. Wanachama walio katika mabaraza na halmashauri waulize, kila sherehe inapoletewa wachekeshaji, wamelipwa kiasi gani na kwa karatasi ipi.

Mzee Majuto amekwisha kwenda, naye hatanufaika na maneno haya. Lakini michezo yake ingali inaonyeshwa. Usiku wa leo pengine, katika nyumba fulani yenye dishi juu ya bati, mtoto ambaye hakuzaliwa Mzee alipokuwa hai atamwona akiumbuka kwa tamaa yake, naye atacheka mpaka alie machozi. Kicheko hicho kina thamani, na yuko mtu anayeipokea thamani hiyo. Twataka siku ifike ambapo sehemu yake itawafikia warithi wa aliyekitoa. Na kwa mwigizaji kijana aliyeko leo Tanga, Kilwa, Songea au Nalasi kwenyewe, anayejizoeza mbele ya wenzake bila ya kulipwa, twataka atakapoletewa karatasi ya kwanza aisome, aielewe, na awe na chama nyuma yake cha kumwambia: hapa tia saini, hapa usitie.